Winchi Isiyopiga Kelele

Shemeji alikuja kumjulia hali mgonjwa akiwa na fungu la miwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kochi sebuleni, mkono wa kulia kwenye plasta, midomo imevimba hadi haifungiki, na mahali pa meno ya mbele pamebaki ufizi mtupu wenye nyuzi za daktari. Huyo ndiye aliyeletewa miwa.

"Inaongeza damu hii, mdogo wangu," Shemeji alisema huku akiiegemeza ukutani. "Usijali, utapona."

Mke wa mgonjwa, ambaye mtaani walimwita kwa kazi yake, Mshonaji, alikuwa ameshika kikombe cha uji na mrija. Aliitazama miwa, akautazama mdomo wa mumewe, akangoja mtu yeyote acheke ili naye apate kucheka. Hakucheka mtu. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mkekani na miguu kainyoosha, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwanawe mkubwa hakuja mikono mitupu.

Kwa kuwa mgonjwa hakuweza kula, Shemeji alichukua muwa mmoja akaumenya kwa meno yake mwenyewe, meno mazima, meupe, yaliyojipanga vizuri. Alitafuna, akafyonza, akatema makapi sakafuni, palepale Mshonaji alipokuwa amepiga deki asubuhi ile. Kisha akachukua kipande kingine.

Huyu Shemeji kila mtu alimwita Usijali, kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla hata hujamaliza kueleza shida yako. Paa linavuja, usijali. Mtoto ana homa, usijali. Ndiye aliyetafuta kazi za kuchimba visima, akazungumza na wenye viwanja na kupokea malipo ya awali, ambayo hakuna aliyewahi kuyaona tena. Mdogo wake alizungusha winchi. Sindano, mdogo wa kiume wa Mshonaji, alishuka shimoni na sururu. Kazi ilikuwa imegawanywa vizuri sana: mmoja aliweka mdomo, mmoja akaweka mikono, mmoja akaweka roho.

"Sasa," Usijali alisema, akijifuta utomvu wa muwa kidevuni, "watu wataanza kuuliza maswali. Tuwe na lugha moja. Mkono ulikuwa na jasho, mpini ukateleza, ukamrudia. Basi. Ni mambo ya kazi. Si kweli, mdogo wangu?"

Mgonjwa aliinamisha kichwa. "Jasho," alisema, na mate yenye damu yakamtiririka kidevuni. Mkewe akamfuta.

"Miaka yote hiyo anazungusha, hakuwahi kutoka jasho?" Mshonaji aliuliza.

"Jua lilikuwa kali, shemeji."

"Si mlianza kabla jua halijachomoza?"

"Hata alfajiri mtu hutoka jasho. Inategemea na damu ya mtu."

"Mwanangu," mama mkwe alidakia, "wanaume wakizungumza kazi yao, sisi tunaangalia jiko." Jiko lilikuwa limezimwa, na mama mkwe alilijua hilo vizuri kwa kuwa yeye ndiye aliyekula cha mwisho.

Usijali alitema makapi mengine. Alisema shida yake ilikuwa ndogo tu. Mwenye nyumba ya wageni wanakochimba ana damu kwenye vigae vyake na shimo lisilo na maji uani. Kuhusu damu, shemeji anajua kusafisha. Kuhusu shimo, wamekaribia kabisa, udongo unaotoka sasa hivi una unyevu, na Sindano yuko tayari kushuka kesho. Kinachokosekana ni mikono ya kuzungusha.

"Na wewe si mgeni wa mpini ule," alimalizia.

Hilo lilikuwa kweli. Winchi ilikuwa ya marehemu baba mkwe, chuma kizee cha kuzungusha kwa mkono, alichokinunua kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Enzi za uhai wake, vibarua wakimkimbia, alimwita mkwewe aache cherehani aje ashike mpini. Hakumfundisha kwa mapenzi. Alimfundisha kwa sababu hakuwa na mtu mwingine, na kwa sababu mzee huyo hakuweza kumwona mtu anagusa chuma chake vibaya akanyamaza.

"Na nikikataa?"

"Usijali. Nitachukua mchukuzi yeyote pale sokoni. Vijana wenye misuli wamejaa."

Mshonaji alitia mrija kwenye mdomo wa mumewe. Mchukuzi wa sokoni anajua kubeba. Kumteremsha mtu shimoni ni jambo jingine kabisa, halihitaji misuli, linahitaji mkono usioachia. Na huko mwisho wa waya atakuwa mtoto wa mama yake. Usijali alilijua hilo alipokuwa bado njiani na miwa yake, ndiyo maana alikuja akitabasamu.

Alipoondoka, Mshonaji alichukua ufagio. Makapi yalikuwa yameshaanza kuvuta sisimizi.

Mchana ule alikwenda kwenye nyumba ya wageni. Ilikuwa nyumba ndefu yenye vyumba vilivyotazamana na ua, ua wenyewe umetandikwa vigae vya kung'aa, na kule nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka, ndipo palipochimbwa. Mwenye nyumba alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole na pete kila kidole. Alimpokea kwa ndoo na brashi.

"Samahani sana, mwanangu. Pole kwa mumeo. Lakini wageni wanapita hapa wakienda kunywa chai, na mtu akiona damu, chai haishuki."

Mshonaji alipiga magoti akasugua damu ya mumewe. Ilikuwa imekauka ikaingia kwenye vijia vya katikati ya vigae, na kila alipomwaga maji iliamka upya, nyekundu, ikatoa harufu yake. Wageni wawili waliochelewa kuamka walipita wakiwa wamejifunga taulo. Mmoja aliuruka mguu wake kama anavyoruka dimbwi. Kwenye ufa mmoja alikuta kitu cheupe akadhani kokoto. Alipokikwangua kwa kucha, akaona ni jino.

"Lifunge kwenye karatasi ukalitupe nje," mwenye nyumba alimwambia kutoka kibarazani. "Si kwenye pipa la jikoni, tafadhali."

Alilifunga kwenye kitambaa akalitia mfukoni. Alipoinuka kupumzisha magoti ndipo alipoitazama winchi, ambayo hakuwa ameigusa tangu mzee afariki. Ilikuwa imefungwa kwenye mbao kando ya shimo, na waya wake ulipanda hadi kwenye roda, gurudumu la kupitishia waya, iliyoning'inia juu ya nguzo tatu. Kwa jicho la mpita njia, ilikuwa chuma kama chuma kingine. Kwa jicho lake, ilikuwa na kasoro iliyomfanya asogee, akainama, akashika.

Pembeni ya gia ya winchi kuna kipande cha chuma kinachoitwa ulimi. Mpini ukizungushwa, ulimi huanguka kwenye kila jino la gia, ta, ta, ta, na kazi yake ni moja tu: mkono ukikuponyoka, ulimi unauma jino, mzigo unabaki palepale ulipo. Kelele hiyo ndiyo uhai wa aliye chini. Marehemu alikuwa akiwaambia wanawe, winchi ikinyamaza, toka chini yake. Sasa ulimi ulikuwa umenyanyuliwa juu na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, umekazwa kwa fundo la nguvu, usiguse jino lolote. Na ule mkanda wa breki, unaokaba ngoma ya kuviringia waya isikimbie, ulikuwa umepakwa grisi hadi unatiririka.

Grisi ni ya gia. Ukiipaka breki, huna breki.

Sindano alimkuta bado ameshika mpira ule. Alikuwa kijana mwembamba kweli, shingo ndefu, na sikio lake la kushoto lilikuwa na gamba la damu.

"Nani kafunga hivi?"

"Dada, wageni walilalamika," Sindano alisema akitazama viatu vyake. "Tulikuwa tunaanza mapema, wao bado wamelala. Huyu mama akasema kama hatuwezi kuchimba bila makelele, tuondoke. Usijali akasema usijali. Kesho yake ulimi umefungwa, na breki iliyokuwa inapiga yowe imepakwa grisi. Ikawa kimya. Mama akafurahi, akatuletea chai."

"Na shemeji yako alipoponyokwa?"

"Ndoo ilikuwa imejaa mawe, imekaribia kutoka. Nikasikia juu mtu anapiga kelele. Nikajibana ukutani." Alijigusa sikio. "Imepita hapa."

"Na kesho unashuka tena."

"Nisiposhuka nitakula nini, dada? Nije nile kwako?"

Mshonaji aliuachia mpira ule. Alijua kilichobaki kwenye sufuria lake.

Usijali alikuwa kibarazani akinywa soda ya mwenye nyumba. Mshonaji alimfuata palepale, mikono inanuka sabuni na damu, akamwambia mbele ya mwenye nyumba: atakuja kuzungusha, ila mpira utolewe, breki ioshwe kwa petroli hadi ikauke, na waya aukague yeye mwenyewe kabla mtu hajashuka. Waya wa winchi umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Unaulegeza, unaukumbatia kwa kitambaa kikavu, unakipitisha taratibu, na kitambaa kikinasa, hapo pana uzi uliokatika. Zikiwa nyingi mahali pamoja, waya unatupwa. Usijali aliitikia kila neno, kichwa kinapanda na kushuka.

"Usijali, shemeji. Kesho utakuta mashine mpya kabisa."

"Lakini isipige kelele," mwenye nyumba alisema.

"Haitapiga, mama, usijali."

Aliwaahidi wote wawili kwa pumzi moja, akainua soda akaimaliza.

Jioni Mshonaji aliweka kile kitambaa juu ya meza, akakifungua mbele ya mumewe. Mume alilitazama jino kama kitu cha mtu mwingine.

"Ulimi wa winchi aliufunga nani?"

Mgonjwa alihangaika kwenye kochi. Alinyoosha kidole kuelekea kwenye kikombe cha maji. Mkewe hakukigusa.

"Nimeuliza."

"Mimi," alisema hatimaye. "Kaka alisema nifunge."

"Ulijua kazi ya ulimi?"

"Nilijua."

"Ulijua kuna mtu chini?"

"Kaka alisema ni kwa siku chache tu."

Tangu ajali, Mshonaji alikuwa amemwonea mumewe huruma nyingi. Alimlisha, akamwogesha, akaamka kumgeuza upande. Sasa aliitafuta huruma ile asiione. Alichokiona ni mtu mzima mwenye watoto, aliyekaza fundo juu ya kichwa cha shemeji yake kwa sababu kaka alisema, na aliyekuwa tayari kulisingizia jasho lake kwa sababu kaka alisema tena. Hata ule mdomo uliovimba ulianza kumchukiza.

"Mwache mgonjwa," mama mkwe alisema kutoka mlangoni. "Wewe unataka agombane na ndugu yake? Damu nzito kuliko maji."

"Damu nimeisugua leo, mama. Inatoka kwa sabuni."

Mama mkwe alishika kiuno, akasema hajawahi kusikia maneno ya namna hiyo katika nyumba yake. Kisha akatangaza kwamba kesho yeye na mgonjwa wataandamana kwenda kisimani kumtia moyo mwanawe mkubwa, maana inaonekana wengine kazi yao ni kumvunja. Mgonjwa aliitikia haraka, na hilo ndilo jambo la kwanza alilolifanya kwa nguvu tangu atoke hospitali.

Asubuhi, kwa kweli, mashine ilikuwa mpya kabisa. Ilikuwa ya kijani.

Usijali alikuwa ameipaka rangi yote, ileile iliyobaki walipopaka geti la nyumba ya wageni. Ngoma ya kijani, gia ya kijani, mpini wa kijani. Ulimi nao ulikuwa wa kijani, bado umenyanyuliwa, bado umefungwa, mpira umepakwa rangi pamoja nao hadi hujui chuma kinaishia wapi. Grisi ya breki ilichanganyika na rangi ikawa uji mzito. Na waya, waya wote uliokuwa nje ya ngoma mpaka kwenye roda, ulikuwa umepakwa kwa brashi, unang'aa, rangi haijakauka.

"Umeona?" Usijali alisema. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooka, na alikuwa amejiwekea kiti cha plastiki nyuma ya winchi, sawasawa na mstari wa waya, apate kuangalia kazi vizuri. Mwenye nyumba alikuwa amesimama karibu naye na chai. Wageni kadhaa walikuwa wametoka, wengine na taulo begani, mmoja anapiga mswaki. Mama mkwe na mgonjwa walikuwa wamepewa benchi.

"Naona," Mshonaji alisema.

Alitoa mkasi wake wa kushonea akakata mpira. Ulimi haukushuka, rangi ilikuwa imeugandisha. Aliugonga kwa jiwe, mara moja, mara ya pili, ndipo ukaanguka kwenye jino lake. Ta. Mwenye nyumba alikunja uso. Mshonaji alimwambia Sindano atoe petroli kidogo kwenye pikipiki ya Usijali, na kabla mwenye pikipiki hajamaliza kubisha, wakawa wameshaanza kuosha breki. Walisugua hadi matambara yakawa meusi na kijani, na mkanda ukarudi kuwa mkavu, unashika.

"Sasa itapiga kelele," mwenye nyumba alisema kwa ile sauti yake ya upole. "Mlisema haitapiga."

"Mama, hiyo kelele ndiyo inayomshika mtu."

Kisha akachukua kitambaa kikavu akaukumbatia waya. Kitambaa kiliganda kwenye rangi mbichi. Alipokivuta kilinata hatua hii na hatua ile, kila mahali, na hakuna ambaye angeweza kujua wapi kimenaswa na rangi na wapi kimenaswa na uzi uliokatika. Alijaribu kukwangua kwa ukucha. Chini ya kijani palikuwa na kitu chekundu, au labda hapakuwa nacho.

"Huu waya siwezi kuukagua. Umeufunika kwa rangi."

"Kitambaa, kitambaa," Usijali alisema, akiwachekea wageni ili wacheke naye. "Shemeji anadhani anashona suruali. Sindano, ingia, jua linapanda."

Na Sindano akatia mguu mmoja kwenye ndoo. Kweli. Dada yake amesimama pale na kitambaa cha kijani mkononi, na yeye akatia mguu, kwa sababu bosi kasema na watu wanatazama. Mshonaji alichomoa mpini kwenye ekseli yake akaubana kwapani. Bila mpini, winchi haizunguki.

"Toa mguu," alimwambia mdogo wake. Akamgeukia Usijali. "Kama waya ni mzima, ingia wewe kwanza. Nitakuteremsha taratibu."

Kicheko cha Usijali kilibaki usoni kikiwa hakina kazi. Yule mgeni aliacha kupiga mswaki, povu likamjaa mdomoni.

"Mimi nina presha, shemeji. Unajua."

"Presha haimzuii mtu kukaa kwenye ndoo."

"Mama watoto!" Mumewe alikuwa amesimama. Maneno yalimtoka na mate, lakini yalieleweka. "Usimvunjie kaka heshima mbele za watu. Kama mnaogopa, nitashuka mimi."

Alisema hivyo akiwa na plasta hadi kwenye kiwiko. Mama mkwe alimtazama kwa macho ya fahari, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye mwanangu." Na Usijali, badala ya kumwambia mdogo wake akae chini, alimtazama, akaitazama ndoo, akamtazama tena. Alikuwa anapima kama inawezekana. Mshonaji aliliona lile jicho likipima.

"Mawe," alisema. "Jazeni ndoo mawe yazidi uzito wa Sindano. Yakishuka na kupanda salama, tutazungumza habari ya mtu. La sivyo, mpini huu naenda nao nyumbani."

"Ni mambo ya wanawake tu haya," Usijali alimweleza mwenye nyumba.

"Basi wekeni hayo mawe," mwenye nyumba alisema. "Chai yangu inapoa."

Mawe yakawekwa. Mshonaji alirudisha mpini, akaangalia kwamba hata ndoo ikifika chini, mizunguko ya kutosha ya waya itabaki kwenye ngoma. Kisha akasema hagusi kitu mpaka kila mtu atoke kwenye mstari wa waya, mbele na nyuma. Wageni walirudi ukutani. Usijali alisema yeye yuko sawa hapohapo. Mshonaji alikunja mikono akangoja. Walitazamana hadi mwenye nyumba akachoka, akamwita Usijali aje amshikie birika, na huyo akaenda akisonya, akiacha kiti peke yake.

Ndoo ilishuka vizuri. Mshonaji aliinua ulimi kwa mkono mmoja, breki ikizuia, Sindano akishika mpini pamoja naye, taratibu, hadi waya ukalegea. Usijali alitazama wageni kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha wakaanza kupandisha. Ta, ta, ta, ta. Ile sauti ilijaa ua mzima, ikagonga kwenye milango ya vyumba, na mwenye nyumba akaziba sikio kwa kidole chenye pete.

Ndoo ilikuwa bado iko mbali chini Mshonaji aliposikia juu, karibu na roda, mlio mwembamba wa uzi unaokatika. Maishani mwake, kwenye cherehani, mlio huo alikuwa ameusikia kuliko wimbo wowote. Ukafuata wa pili.

"Achia! Lala!" alimwambia Sindano, na wote wawili wakajitupa pembeni.

Waya ulikatika. Ndoo iligonga chini ya kisima kwa kishindo kilichotikisa vigae, na ule upande wa waya uliobaki kwenye ngoma ulirudi kwa hasira, ukapita juu ya winchi, ukakata mgongo wa kiti cha plastiki kama mtu anavyokata papai. Kipande cha kiti kiliruka hadi kwenye mashuka.

Ncha ya waya ilikuwa imelala juu ya vigae, nyuzi zimefumuka. Nje zilikuwa na rangi ya kijani ya kupendeza. Ndani zilikuwa kutu tupu, kavu, unga mwekundu ukimwagika mahali pale damu ilipokuwa. Sindano alikaa chini.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Usijali. Aliweka birika chini, akajinyoosha shati, akasogea mbele akisimama kati ya shimo na wageni.

"Mmeona, mabibi na mabwana? Hii ndiyo sababu sisi katika kazi yetu hatumteremshi mtu kabla ya kujaribu kwa mawe. Wengine wanaharakisha. Sisi, usalama kwanza. Huo ndio utaratibu wetu tangu enzi za marehemu mzee."

Mshonaji alikuwa bado yuko chini, kiwiko kimechubuka. Alidhani amesikia vibaya. Alimtafuta mumewe kwa macho, na mumewe alikuwa ameshasimama.

"Ndivyo baba alivyotufundisha," alisema kwa ule mdomo wake usio na meno. "Kaka hajawahi kukosea hilo."

Yule mgeni wa mswaki alitema povu, akapiga makofi. Wengine wakafuata. Mwenye nyumba alimshika Usijali bega, akasema kwa upole kwamba siku hizi ni shida kumpata fundi anayejali watu wake, na kwamba sasa hata zile kelele amezielewa. Usijali aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akasema wasijali, waya utaungwa kwa vibano, na alasiri kazi inaendelea. Shemeji yake atakuwepo kuzungusha, hodari sana, yeye mwenyewe ndiye aliyemzoesha.

Sindano aliinuka. Alichukua sururu yake na viatu vyake, akapita katikati ya watu bila kuvaa viatu, akatoka getini. Usijali alimwita mara mbili. Hakugeuka.

"Usijali," Usijali alimwambia mwenye nyumba. "Vijana wamejaa sokoni."

Hapo ndipo tumbo la Mshonaji lilipokataa. Lilianzia chini kabisa, likapanda na harufu ya petroli, rangi na uji wa asubuhi. Alijikokota hadi ukingoni, akashika nguzo, akatapika juu ya vigae vilevile alivyovipigia magoti jana, akatapika tena, hadi hakuna kilichobaki ila uchungu.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimshika mgongo, na uso wake ulikuwa umechanua.

"Tangu lini, mwanangu? Mbona hukuniambia? Mungu mkubwa, anachukua huku analeta huku!" Aligeuka akapunga mkono kuwaita wanawe waje haraka wasikie habari njema, nao wakaja, mkubwa mbele, mdogo nyuma yake.

Mshonaji alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Si mimba, mama," alisema. "Ni wanao."